Hesabu ya mfuatano imfae mkulima wa mananasi
Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, inajulikana kwa mananasi, zao linaloweza kumsubirisha mkulima hata miezi 18 tangu kupanda. Akikopa Sh100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ikiongezwa juu ya deni, anaweza kudhani atalipa Sh280,000. Kumbe ni takriban Sh556,000.

Mfuatano wa namba hufundishwa sekondari. Mwalimu aanzie hapo: kila mwezi, zidisha deni la mwezi uliopita kwa 1.1. Mwanafunzi akishachoka, apewe kanuni ya mkato: 100,000 mara 1.1 kwa kipeo cha 18.

Njia ya kwanza huonyesha deni linavyokua. Ya pili humpa mzazi jibu kabla hajatia sahihi. Zote mbili zifundishwe, tena kwa mifano ya shambani.