Usimtoe Mama Nje ya Mkutano: Nguo ya Kunyonyeshea ni Zana, Siyo Kibali

Wakulima wenzangu, na ninyi wafanyabiashara wa magenge, vitambaa na pembejeo hapa Peramiho na vijiji vya jirani, leo siandiki juu ya viwavijeshi wala bei ya mahindi. Naandika juu ya blauzi. Kaka, usiache kusoma ukidhani haya ni mambo ya akina mama. Blauzi hii inafika mpaka shambani kwako.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, kabla sijapata mtoto, nilikuwa nafundisha kikundi cha wakulima matumizi ya mbolea kwenye mahindi. Tulikuwa ndani ya darasa la shule kwa sababu ya mvua. Mama mmoja alikuja amevaa gauni lake zuri la kutokea, lenye zipu mgongoni. Mtoto akaanza kulia. Gauni lile halikuwa na namna: anyonyeshe, basi avue nusu ya mwili. Akahangaika, wanaume wakaanza kuguna, mzee mmoja akageuza uso ukutani. Mimi nikasema, tena kwa sauti ya upole, "Mama, toka kwanza nje umnyonyeshe, utarudi."

Akatoka. Alirudi tunafunga kikao. Katika muda ule nilikuwa nimeeleza tofauti ya mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia, na kwamba urea haitakiwi kugusana na mbegu.

Msimu ulipoanza aliniita shambani kwake. Mashimo yalikuwa matupu, mstari kwa mstari. Alikuwa ameweka urea ndani ya shimo pamoja na mbegu, na mbegu zikaungua. Ikabidi anunue mbegu upya na apande amechelewa. Hakunilaumu. Alisema tu, "Bibi shamba, siku ile mimi sikuwepo."

Alikuwepo. Mimi ndiye niliyemtoa.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmoja, na nausema wazi: mama anayenyonyesha asitolewe nje ya mkutano, ya semina, ya foleni wala ya mnada. Nguo nzuri ya kunyonyeshea ni zana ya kumrahisishia kazi yeye, kama jembe lenye mpini unaofaa. Siyo kibali cha kuingilia. Akiwa nayo, vizuri. Asipokuwa nayo, bado nafasi yake ipo.

Hoja ninazoletewa

"Siyo heshima kunyonyesha mbele za watu." Nakuuliza: msibani akina mama hawanyonyeshi? Kwenye Misa Jumapili hawanyonyeshi? Wananyonyesha, na hakuna anayeguna. Papa Fransisko mwenyewe, Januari 2017, alipokuwa akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistine kule Vatikani, aliwaambia akina mama wawanyonyeshe watoto wao palepale bila woga, kama Bikira Maria alivyomnyonyesha Yesu. Kama ni heshima mbele ya altare, inakuwaje aibu mbele ya mwenyekiti wa AMCOS? Mimi naona aibu hii inakuja pale tu penye fedha na maamuzi.

"Mtoto analia, anatuvuruga." Mtoto analia kwa sababu ana njaa. Njia ya haraka ya kumnyamazisha ni kumpa ziwa. Ukimtoa mama, hujatibu kelele, umeihamishia dirishani.

"Ajipange, anyonyeshe kabla hajaja." Tufanye hesabu. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Hiyo ni kila baada ya saa mbili au tatu. Mkutano ulioitwa saa tatu unaanza saa tano na kuisha saa nane, ninyi wenyewe mnajua. Na kliniki wanatufundisha kwamba miezi 6 ya kwanza mtoto apate maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, kisha aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi huku akila vyakula vingine. Sasa huyo mama ajipange vipi?

"Abaki nyumbani, mume atahudhuria." Mume akirudi anasimulia nusu, tena nusu ile iliyomhusu. Anayepanda na kuweka mbolea shambani mara nyingi ni mama. Na kama ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Ukimtoa mama nje, kura yake imetoka naye.

Sheria imemfikia mwajiriwa, sisi wa shambani tujipange wenyewe

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, amnyonyeshe mtoto. Mimi mtumishi nililindwa na sheria hiyo nilipojifungua. Lakini mama mwenye ekari mbili za mahindi hana mwajiri. Mwajiri wake ni mvua. Ulinzi wake ni sisi tunaoitisha mikutano na kupanga foleni.

Usidhani anayetolewa ni mama wa kijijini peke yake. Tarehe 7 Agosti 2019, kule Kenya, mbunge Zuleikha Hassan wa Kaunti ya Kwale aliingia bungeni na mtoto wake wa miezi mitano, akaamriwa atoke. Alikuwa mbunge aliyechaguliwa, na bado mtoto alihesabiwa kuwa kosa. Itazame tarehe hiyo vizuri: Wiki ya Unyonyeshaji Duniani ni tarehe 1 hadi 7 Agosti, na kesho yake ndiyo Nane Nane yetu. Kila mwaka tunakwenda maonyesho ya John Mwakangale kule Mbeya katika wiki hiyohiyo. Tunatazama ng'ombe wa maziwa na tunasifia ndama anavyonyonya, halafu mama aliyesafiri usiku kucha na mtoto mgongoni tunamwambia atafute kona.

Na foleni ya mbolea ya ruzuku? Tangu mpango ulipozinduliwa Agosti 8, 2022, nimeona akina mama wanatoka kwenye mstari kunyonyesha, wakirudi wanaambiwa waanze nyuma. Huko ni kumtoza mama faini kwa kumlisha mtoto. Kama hutaki kumwona ananyonyesha mbele yako, geuza shingo. Nafasi yake iache.

Sasa nguo: fanya hivi

Dada zangu, kudai haki hakukuzuii kurahisisha safari yako. Haya nimeyajifunza kwa mwili wangu mwenyewe, na huhitaji kununua nguo ya bei ya mjini.

1. Vaa vipande viwili. Blauzi na sketi, au blauzi na kitenge cha kujifunga, ni bora kuliko gauni moja lililofungwa mgongoni. Gauni la zipu mgongoni liache kabatini mpaka mtoto aachishwe.

2. Vaa tabaka mbili juu. Ndani singlendi laini inayovutika kwenda chini, nje blauzi pana inayopandishwa juu. Ziwa linatokea katikati, tumbo na mgongo vinabaki vimefunikwa. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Peramiho mnaijua, hili ni la lazima.

3. Mwambie fundi aweke zipu mbili fupi mbele. Kila moja kama sentimita 20, zishuke wima upande wa kulia na wa kushoto wa kifua, na juu yake aweke kipande cha kitambaa hichohicho cha kufunika. Hakuna atakayejua kama ni blauzi ya kunyonyeshea. Gauni la kitenge ulilonalo tayari linaweza kurekebishwa hivyohivyo.

4. Vifungo viwe vikubwa, vya kufungua kwa mkono mmoja. Mkono mwingine una mtoto. Kabla ya kulipa dukani au kwa fundi, kaa chini, pakata hata mfuko mkononi, jaribu kufungua. Ukishindwa hapo, kwenye basi utashindwa zaidi.

5. Doti moja ya khanga inatosha kazi mbili. Kipande kimoja mbeleko, kingine cha begani. Funga pembe mbili nyuma ya shingo, khanga ishuke mbele. Acha upenyo juu ili umwone mtoto usoni na apate hewa. Tumia khanga nyepesi ya pamba, kitambaa kizito kinampa joto. Dada zangu wa Kiislamu, mtandio mrefu mlionao tayari unafanya kazi hiyo.

6. Chagua kitambaa chenye maua. Maziwa yakivuja, na yatavuja hata mtoto wa jirani akilia, alama haionekani kama kwenye rangi moja iliyopauka. Ndani ya sidiria weka kitambaa cha pamba kilichokunjwa, kifuliwe na kuanikwa juani.

7. Sidiria isibane wala isiwe na waya. Inayobana inazuia maziwa kutoka, ziwa linajaa, linauma na linaweza kupata uvimbe. Pini, shanga na vikorombwezo vya kifuani viache, vinamkwaruza mtoto.

8. Kwenye bodaboda funga vizuri ncha zote za khanga na mbeleko. Ncha inayoning'inia inaweza kuingia kwenye tairi au mnyororo. Usinyonyeshe pikipiki ikiwa inatembea. Mwambie kijana asimame, atasubiri.

9. Shambani, shati la mitumba la kiume lenye vifungo mbele linatosha. Bei yake ndogo, linafunguka haraka, halikusikitishi likichafuka.

Nguo na sumu: hapa sina mzaha

Mama anayenyonyesha asipulizie viuatilifu. Kazi hiyo afanye mtu mwingine. Wewe baba uliyepulizia, usimshike mtoto kabla hujaoga na kubadili nguo. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, zisichanganywe na mbeleko wala nepi. Mbegu zilizotiwa dawa zisibebwe kwenye khanga ya begani, maana jioni khanga hiyo ndiyo inayomfunika mtoto usoni. Na mbeleko isitundikwe stoo penye chupa za dawa. Nimeikuta hiyo, tena kwenye nyumba ya mkulima ninayemwita mkulima bora.

Kwa mafundi na wenye maduka

Ninyi mna soko hapa na hamlioni. Fundi cherehani, shona blauzi mbili za zipu za mbele, zitundike mlangoni, mweleze kila mama anayepita. Kazi ya kurekebisha gauni ni ndogo, lakini mteja atakuja na dada yake. Mwenye duka la mitumba, zitenge nguo za vifungo mbele na sidiria za kunyonyeshea usizichanganye na rundo. Ila usimuuzie mama woga. Usimwambie asipovaa hivi atadharauliwa. Mwambie itamrahisishia, inatosha.

Kwa wenyeviti, viongozi wa AMCOS na maafisa wenzangu

Weka viti vichache vyenye egemeo pembeni mbele, mahali mama anasikia na anaona ubao, na anaweza kugeuka kidogo akitaka. Akitaka kutoka mwenyewe, hiyo ni hiari yake, na akirudi mrudie lililompita. Kwenye foleni tangaza mapema kwamba nafasi ya mama anayenyonyesha inalindwa. Mtu akiguna, mjibu wewe uliyeshika kikao. Usimwachie mama ajitetee huku ameshika mtoto.

Mama yule wa mashimo matupu bado yuko kwenye kikundi changu. Mtoto wake sasa anatembea, na msimu uliofuata tulipanda pamoja, mbolea na mbegu kila kimoja mahali pake. Nilimwomba msamaha mbele ya wale wale walioguna. Yule mzee aliyegeukia ukuta akasema naye aliguna, akacheka kwa aibu.

Semina ijayo njoo na mtoto. Vaa utakachoweza, ukae mbele.

Tukutane shambani.