Mazungumzo ya Nyumbani: Mfuko wa Wanachuo



Wazazi kadhaa wametuuliza: "Mtoto wetu yuko chuoni Moshi mjini, naye atuambia kwamba husali pamoja na wenziwe, wala hakuna mchungaji awaongozaye. Je, ni vema?" Yatupasa kujibu, maana vyuo vikuu vimekuwa vingi chini ya mlima wetu: cha Ushirika, cha tiba pale KCMC, na Mwenge cha Wakatoliki.

Mjue ya kuwa si jambo la juzi. Wanafunzi wa Cambridge, Uingereza, walifanya umoja wao mwaka 1877. Na mwaka 1947 wajumbe wa nchi kumi walikutana Harvard, Marekani, wakaunganisha vyama vyao kuwa IFES, na TAFES ya kwetu imo. Desturi yao ni kwamba mwanafunzi amshuhudie mwanafunzi, viongozi wachaguliwe katika wao wenyewe, na wakubwa wawe washauri tu.

Neno hilo la "washauri tu" ndilo lililotushinda. Miaka michache iliyopita tulikuwa washauri wa umoja mmoja, wa chuo tusichokitaja. Mtunza mfuko alimwazima mwenziwe fedha za ada, asije akazuiliwa mtihani, pasipo kumwambia mtu. Nazo zilikuwa nauli ya kwenda kuhubiri Rombo. Siku ya safari mfuko ukaonekana mtupu. Sisi wazee tukakata shauri: viongozi wote waondolewe, na mfuko ukabidhiwe mzee wa kanisa. Twaungama kwamba hatukuwauliza vijana hata neno moja.

Jioni ile mwenyekiti wao, binti wa mwaka wa pili, alipanda kwetu Old Moshi, mvua ikinyesha. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Mkitunyang'anya mfuko, tutabaki na kuimba tu. Tupeni muhula mmoja."

Tulinyamaza kitambo. Tulikumbuka tuliyosimuliwa utotoni: mwaka 1920 Waingereza walipowaondoa wamisionari wa Leipzig, waliofika Machame mwaka 1893, sharika za mlimani zilibaki mikononi mwa walimu Waafrika ambao hawajabarikiwa kuwa wachungaji. Hakuna aliyewajaribu kwanza kama wanaweza. Wakafundisha, wakazika wafu, wakatunza sadaka. Nasi, wajukuu wao katika kazi hiyo, tulikuwa tukimnyima binti huyu muhula!

Basi tukawapa. Wakaita mkutano, mtunza mfuko akasimama akaungama mbele ya wote, akalia. Hawakumfukuza, walakini kazi ile wakampa mwingine, na toka siku hiyo daftari husomwa mbele ya wote kila mwezi. Wakafanya vibarua vya kuchuma kahawa Jumamosi, wakaenda Rombo likizo iliyofuata, nusu yao tu. Deni halikulipwa lote hata leo.

Wala hatusemi kila umoja hutengenea hivyo. Tumeona na mmoja uliovunjika kwa ugomvi wa viongozi, na wazee wakachelewa kufika.

Kwa hiyo, wazazi, mtoto arudipo likizo msimwulize kwanza kama yumo katika kwaya. Mwulizeni ni nani atunzaye mfuko, na daftari lake husomwa mbele ya nani.