BIMA YA AFYA IFUATE MSIMU

Mwezi wa Juni, bahari ikiwa imechafuka kwa kusi, mjomba wangu ambaye ni mvuvi wa Gazi alichomwa na mwiba wa taa. Mguu ukavimba, ukaanza kuoza. Hospitalini akaonekana kwenye kompyuta kuwa amejiandikisha lakini hajalipa. Alipe mwaka mzima kwanza, shilingi 3,600! Mtu ambaye hajaingia baharini wiki tatu azitoe wapi? Tajiri anayenunua samaki wake ndiye aliyemkopesha, na mpaka leo mjomba humuuzia huyo huyo, kwa bei aitakayo tajiri.

Hebu tuliangalie jambo hili bila jazba. NHIF, iliyoanza mwaka 1966, miaka yake ya mwisho ilimtoza mtu asiye na mshahara shilingi 500 kila mwezi. Oktoba 2024 ikaja SHA badala yake, na kiwango cha chini sasa ni 300 kwa mwezi. Kwa hesabu ni nafuu. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara mwezi kwa mwezi. Lakini mvuvi, mgema na mama karanga hutakiwa walipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, na hapo nafuu hugeuka mzigo. Ni kweli mwaka 2025 Serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, lakini huo nao ni mkopo, na mjomba ana mkopo tayari. Zahanatini aliyejiandikisha hutibiwa bure, tunashukuru, ila mguu ule haukuwa wa zahanati.

Rafiki yangu darasani hunibishia kwamba wavuvi hupata pesa za kaskazi wakazitapanya. Nakubali kidogo! Ndiyo maana nasema bima ifuate msimu. Bandarini samaki hupimwa kwenye mizani. Basi BMU, yaani kamati ya wavuvi, ikate shilingi 30 kila siku mtu aletapo samaki. Siku 120 za kaskazi ni 3,600 kamili, na kusi ikiingia kila mtu ashalipiwa.

Mfuko wenyewe pia utapona. Siku hizi wengi hulipa siku wanayougua, tena ugonjwa ushakomaa. Mfuko wa wagonjwa watupu utatoa wapi pesa za kuilipa hospitali ya rufaa ya Msambweni?

Mjomba amesema atalitaja kwenye mkutano wa BMU. Hesabu nimeshamwandikia kwenye karatasi.