Mwalimu wa kungfu apimwe kama gunia la maharage

Mtu aliyemfundisha mwalimu wa Bruce Lee alikuwa mbadilisha fedha. Jina lake lilikuwa Chan Wah-shun, na katika mji wa Foshan, kusini mwa China, lakabu yake ilitokana na kazi hiyo: Wah wa kubadilisha fedha. Yeye alikuwa amejifunza kwa Leung Jan, tabibu wa mitishamba aliyekuwa na duka la dawa katika mji huohuo. Mwanafunzi wa mwisho wa Chan alikuwa Ip Man, mzaliwa wa Foshan mwaka 1893, ambaye baadaye alihamia Hong Kong. Huko, katika miaka ya 1950, alimpokea kijana aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa filamu zake.

Habari hii inawahusu wafanyabiashara wa Arua na Koboko kuliko wengi wanavyodhani. Wanaobadilisha shilingi ya Uganda, pauni ya Sudan Kusini, faranga ya Kongo na dola katika njia za Vurra, Ariwara, Oraba na Kaya wanafanya kazi ileile ya Chan. Watoto wao hutazama filamu za kungfu katika mabanda ya video, huku msimulizi akiwatafsiria na kuongeza utani wake, kisha wanarushiana mateke uani. Uganda yenyewe sasa hutengeneza filamu za aina hiyo: Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotoka Wakaliga, Kampala, kwa mkono wa Isaac Nabwana, imetazamwa mbali sana na Kampala. Si ajabu basi mtoto akimwomba mzazi ada ya kujifunza kungfu. Swali gumu si kama ada itolewe. Swali ni itolewe kwa mafunzo ya namna gani.

Jibu ni kwamba ilipwe kwa mafunzo ya polepole, ambayo hayapendezi kutazama. Kungfu ya kusini ilikuzwa na watu wa soko, na njia zake za mazoezi zinawafaa watu wa soko, mradi zifuatwe kwa mpangilio wake. Zikikatwakatwa ili zifanane na filamu, mzazi atakuwa amenunua gunia lenye maharage juu na makapi katikati.

Mtindo alioufundisha Ip Man huitwa Wing Chun. Kwa mujibu wa masimulizi, jina hilo ni la msichana, Yim Wing-chun, binti wa muuza tofu, aliyefundishwa na mtawa wa kike ili aweze kumkataa jambazi aliyetaka kumwoa kwa nguvu. Hiyo ni ngano, si historia iliyothibitishwa, na mwalimu mwaminifu huisimulia kama ngano. Hata hivyo inaonyesha jinsi wenye mtindo huo walivyotaka ueleweke: ufundi wa mtu mwenye mwili mdogo, anayeishi mjini, asiye na uwanja mpana wala muda mwingi. Katika biashara ya mpakani, ambamo wanawake ni wengi na safari za alfajiri ni za kawaida, mama mwenye binti ana sababu ya kuusikiliza.

Mazoezi huanza kwa kusimama. Mwanafunzi hufungua miguu kiasi, hukunja magoti kidogo na kuyaelekeza ndani, kana kwamba amembana mbuzi katikati ya mapaja. Jina la mkao huo kwa Kikantoni linataja mbuzi huyohuyo. Akiwa amesimama hivyo hufanya mfululizo wa kwanza wa miondoko, Siu Nim Tau, maana yake wazo dogo, bila kupiga hatua hata moja. Sehemu ya mwanzo hufanywa taratibu mno, viwiko vikiwa karibu na mwili, mabega yakiwa yamelegea. Hakuna teke wala kelele. Mtoto aliyekuja kwa sababu ya filamu ataona amedanganywa.

Hakudanganywa. Anayepiga ngumi kwa bega lililokaza huchoka upesi na huonyesha nia yake mapema. Anayepiga akiwa hajui kusimama husukumwa na ngumi yake mwenyewe. Mwendo wa polepole humpa mwalimu nafasi ya kuona kosa na mwanafunzi nafasi ya kulisikia mwilini kabla halijawa tabia. Na kwa kuwa zoezi lote linahitaji nafasi ya kusimama mtu mmoja, linaweza kufanywa dukani baada ya milango kufungwa. Leung Jan alikuwa na duka. Ip Man naye alipoanza kufundisha Hong Kong mwaka 1950, alifundishia katika chama cha wafanyakazi wa mikahawa. Ufundi huu haukuwahi kudai uwanja wa michezo.

Hatua inayofuata ni ya watu wawili. Wanasimama wakitazamana, mikono yao ikigusana kuanzia kiganja hadi kiwiko, na kuizungusha pamoja bila kuachana. Zoezi hilo huitwa chi sao, yaani mikono inayonata. Lengo ni kujifunza kuhisi nguvu ya mwenzako inaelekea wapi kabla jicho halijaona. Akisukuma, unaipitisha nguvu yake pembeni, akilegea, unaingia. Anayekasirika hukaza mikono, na anayekaza hupoteza hisia, kwa hiyo hasira huadhibiwa palepale bila mwalimu kusema neno. Baadaye huja mtu wa mbao: gogo lililosimamishwa, lenye mikono mitatu na mguu mmoja, ambalo humfundisha mwanafunzi pembe na umbali. Mbao kutoka Kongo si kitu kigeni Arua, na fundi seremala hawezi kushindwa na gogo hilo.

Wing Chun si mtindo pekee wa kusini. Hung Gar ni mwingine, na mmoja wa walimu wake wakubwa, Lam Sai-wing, alikuwa muuza nyama. Mwalimu wake, Wong Fei-hung, alikuwa tabibu. Huko mwanafunzi hukaa katika mkao mpana kama aliyepanda farasi, mapaja yakimwaka moto, siku baada ya siku, kabla ya kufundishwa mengine. Mitindo ni tofauti, lakini utaratibu ni mmoja: kwanza miguu, kisha mwili, kisha mwenzako, ngumi ya nguvu mwishoni.

Kwa West Nile utaratibu huo si jambo la ladha tu. Ngumi si ngeni hapa. Koboko, ardhi ya ukoo wa Idi Amin, inakumbuka kwamba kabla ya siasa alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda kuanzia 1951 hadi 1960. Bunduki pia si ngeni. Waasi wa UNRF II walitia saini mkataba wa amani na serikali huko Yumbe Desemba 2002, na vita vilivyozuka tena Juba Julai 2016 viliwasukuma watu wengi mno kuvuka mpaka hadi makazi ya Bidibidi yakafunguliwa mwezi uliofuata. Vijana wa mpakani wamekua wakisikia habari za nguvu pande zote tatu. Nguvu haijawahi kukosekana. Kilichokosekana mara nyingi ni breki.

Ndiyo maana mafunzo ya haraka ni hatari zaidi hapa kuliko kwingine. Kijana anayefundishwa mateke ya kuonyesha, kuvunja matofali na kupiga koo ndani ya wiki chache anatoka na silaha bila breki. Mfanyabiashara anayehofia kwamba kungfu itazalisha vibaka wa kumvizia barabarani ana hoja, lakini hofu yake inapaswa kuelekezwa kwenye njia ya kufundisha. Mwaka mzima wa kusimama, kurudia na kunatisha mikono na mwenzako bila kumuumiza huwachosha mapema wale waliokuja kutafuta ubabe. Wengi wao huondoka wenyewe.

Lipo pingamizi la pili, nalo ni zito. Wapo wanaosema mitindo ya jadi ni mapambo matupu. Wanakumbusha kwamba Aprili 2017, mjini Chengdu, mpiganaji wa kisasa Xu Xiaodong alimwangusha mwalimu wa taijiquan, Wei Lei, katika muda usiofika nusu dakika. Taijiquan si kungfu ya kusini, lakini somo linaihusu mitindo yote ya jadi: mazoezi ambayo mwenzako hakupingi kamwe hukufanya ujione bingwa wa ndoto. Mikono inayonata ikigeuka mchezo wa adabu ambao kila mtu anajua mwenzake atafanya nini, imekufa. Jawabu ni kuimaliza njia hiyo badala ya kuikata. Baada ya msingi lazima mwenzako aanze kupinga kweli, kwanza kidogo, kisha zaidi, akiwa na glavu na kinga ya meno, na mwalimu akiwa kati yao. Mwalimu anayewakataza wanafunzi wake kujaribiwa anaficha kitu.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapopaswa kutumia akili aliyo nayo tayari. Hakuna anayenunua gunia kwa kutazama mshono wake. Huchomwa bambo, nafaka hutolewa katikati, huangaliwa mkononi. Mwalimu naye achomwe bambo. Aulizwe alijifunza kwa nani na kwa muda gani. Atazamwe darasani siku ya kawaida, siyo siku ya maonyesho. Aulizwe mwanafunzi wa miezi 6 anajua nini ambacho wa mwezi 1 hajui. Iangaliwe kama wadogo wanatenganishwa na wakubwa, kama wasichana wanafunzwa mbele ya macho ya watu, na nini hutokea mtoto akisema anaumia. Mikanda ya rangi isimpumbaze mzazi. Wing Chun ya zamani haikuwa na mikanda, na mkanda unaouzwa kila baada ya miezi michache ni lebo tu juu ya gunia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Aulizwe pia kuhusu usajili. Nchini Uganda mashirikisho ya michezo yako chini ya Baraza la Taifa la Michezo, na Sheria ya Taifa ya Michezo ya 2023 imeweka utaratibu wake. Klabu isiyotambuliwa na yeyote haina mtu wa kuiwajibisha mtoto akivunjika mkono. Wala haina njia ya kumfikisha mtoto mbele zaidi. Wushu, jina rasmi la michezo hii ya Kichina, imewekwa katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar ya mwaka 2026, na mlango wa mashindano kama hayo haupitiwi bila shirikisho.

Limebaki jambo ambalo serikali moja haiwezi kulimaliza peke yake. Pale Salia Musala, wilayani Koboko, Uganda, Sudan Kusini na Kongo zinakutana. Nchi zote tatu sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022. Chini ya utaratibu wa jumuiya wa biashara ndogo, mzigo wa bidhaa zilizomo katika orodha ya pamoja, usiozidi thamani ya dola 2,000, unaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha asili. Kilichowasaidia wafanyabiashara hapo ni orodha: pande zote zikubaliane kitu ni nini, na mwenye mzigo asianze upya kwa kila afisa.

Walimu wa mapigano wa pande hizo tatu wanaweza kufanya vivyo hivyo bila kusubiri mkutano wa mawaziri. Orodha fupi ingetosha: mtoto ajue nini kabla ya kuruhusiwa kupambana, kinga gani zivaliwe, umri gani usipigwe kichwani, nani asifundishe kamwe. Iandikwe kwa Kiswahili, lugha inayosikika sokoni kutoka Arua hadi Ariwara, ili mtoto wa Kaya aliyehamia Koboko asianze upya, na mzazi wa Kongo ajue anacholipia. Majina ya Kikantoni yabaki kwa miondoko. Maelezo yawe katika lugha anayoielewa mama wa mtoto.

Vyama vya wafanyabiashara ndivyo vyenye uwezo wa kuianzisha kazi hii, kwa sababu wanachama wao ndio walipa ada na ndio wenye maghala yanayobaki tupu jioni. Chama kikitoa ghala moja Arua na jingine Koboko kwa saa mbili kila jioni, kina haki ya kuweka sharti: atakayefundisha humo akubali orodha na akubali kutazamwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya shehena moja iliyoibwa. Na ghala lililofungwa jioni, watoto wakiwa ndani wamesimama kimya kama waliobana mbuzi, si mahali pageni kwa ufundi huu. Ulikuzwa na watu wa maduka.