Mtoto wa mrejeaji asirudishwe darasa kwa sababu ya lugha

Siku ya soko hapa Chienge, mwenye dagaa na mwenye vitenge kutoka Pweto huelewana haraka. Kibemba kidogo, Kiswahili kidogo, biashara inakwenda. Lakini mtoto wa mfanyabiashara huyohuyo akivuka mpaka na kuingia darasani, anakwama.

Nayasema haya kwa kuyaonja. Nilikimbia Pweto Desemba 2000, nikasoma upande huu wa Zambia kwa Kiingereza. Niliporejea Kongo mwaka 2008, nilikuta Kifaransa kinanisubiri. Mimi nilikuwa mtu mzima, nikavumilia. Leo ni mwalimu, na naona mtoto wa miaka tisa akirudishwa darasa la kwanza, si kwa ujinga bali kwa lugha. Mwaka hauishi, yuko ziwani na wavuvi.

Je, hakuna njia? Ipo, na ilijaribiwa kwa Kiswahili chetu. Kuanzia mwishoni mwa 2017, watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, Tanzania, walipewa tableti zinazochajiwa kwa sola. Yalikuwa mashindano ya XPRIZE, yakisaidiwa na UNESCO na serikali ya Tanzania. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, kiwango hicho kilipungua kwa nusu.

Tusidanganyane: nusu nyingine walikuwa bado hawajui kusoma. Tableti haichukui nafasi ya mwalimu. Hata hivyo, sharti moja la mashindano hayo linatuhusu sana. Programu zote tano zilizofika fainali, zikiwamo Kitkit School na onebillion zilizogawana ushindi Mei 2019, zilitolewa huria. Yeyote anaruhusiwa kuzinakili, kuzirekebisha na kuzitafsiri bila kulipa.

Maana yake, kazi ngumu imekwisha kufanyika. Picha za kugusa na sauti inayomwongoza mtoto asiyejua kusoma zipo tayari. Kiswahili kipo. Kinachobaki ni fundi na mwalimu kukaa pamoja na kuongeza Kibemba na Kifaransa.

Hivyo basi, wafanyabiashara mnaoleta simu na tableti, wekeni programu hizi kabla ya kuuza. Kuzinakili si wizi. Walimu wenzangu, tutoe sauti zetu zirekodiwe. Na maofisa wa elimu wa Chienge, Nchelenge na Pweto wakutane, wakubaliane kumpima mtoto kwa lugha anayoijua kabla ya kumrudisha nyuma.

Makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalifunguliwa mwaka 2018. Watoto waliolelewa pale nao watavuka siku moja. Samaki mkunje angali mbichi.