Besi ya Sabufa, Besi ya Simu
Wimbo wa Kisukuma uliorekodiwa Kahama au Geita husikilizwa kwenye sabufa za harusini na pia kwenye simu, ambayo spika yake ndogo hufifisha sana sauti za chini ya takriban hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, ambako ndiko uliko uzito wa ngoma. Fundi wa kuchanganya sauti, yaani kuzipatanisha sauti zilizorekodiwa kila moja peke yake, huiongezea besi mitetemo ya juu iliyo mizidisho ya ule wa msingi, na sikio, kwa namna ya kustaajabisha, hujikamilishia msingi usiosikika. Kuipandisha besi yenyewe, kosa linalopendwa mno, huifanya sabufa ingurume hadi zeze likafunikwa, ilhali simu haifaidiki kwa lolote.