Timu Huhesabu Watu Wake



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tunapenda kutafakari nanyi jambo ambalo huenda wengine wakashangaa kulikuta katika tafakari ya Paroko, yaani mpira wa miguu. Wasishangae. Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorintho, hakuona haya kuchukua mfano wa wakimbiaji uwanjani ili kuwafundisha waamini nidhamu ya safari ya mbinguni (1Kor 9:24-27).

Mkoa wetu wa Mara umeonja utamu na uchungu wa mchezo huu. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, na mwaka 2021 ikaiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Iliitoa Dikhil ya Djibouti, ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 katika mchezo wa kwanza, kisha ikatolewa kwa kushindwa kusafiri kwenda kucheza mchezo wa marudiano. Mwaka 2022 ikashuka daraja. Msimu wa 2023/24, wakati wengi wetu tungali tukiomboleza anguko hilo, mkoa huu ulikuwa na timu katika Ligi Kuu ya Wanawake: Bunda Queens. Je, ni wangapi kati yetu waliolitambua hilo? Waulizeni vijana vijiweni hapa Kemambo. Watawatajia kikosi cha Simba na cha Yanga bila kukosea, lakini hawatamtaja hata mchezaji mmoja wa Bunda.

Ligi ya taifa ya wanaume ilianza mwaka 1965, ile ya wanawake msimu wa 2016/17. Pengo hilo la zaidi ya miaka 50 limeingia hata vijijini mwetu. Wavulana wanapewa mpira, uwanja, jezi na mbuzi wa zawadi. Wasichana wanaitwa siku ya fainali, wacheze kidogo wakati mgeni rasmi akisubiriwa.

Msimu wa wasichana si suala la burudani tu. Mnafahamu vyema, ndugu zangu, kwamba Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ina maana yake katika nchi ya Wakurya. Shule hufungwa, wazee wa mila hutoa kauli, na binti aliyekuwa akiitwa jina lake darasani huanza kuitwa msagane kwa dharau, mpaka akubali kisu. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 uliwakuta wanawake 32 katika kila 100 wa Mara wakiwa wamekeketwa.

Kumbukeni mwaka 2022. Mwezi Oktoba, mabinti wetu wa umri chini ya miaka 17, wakibeba jina la Serengeti, waliifunga Ufaransa mabao 2-1 katika Kombe la Dunia nchini India, wakafika robo fainali. Taifa zima likashangilia. Miezi miwili baadaye, mabinti wa rika lilelile walikuwa wakikimbia makwao usiku kutafuta hifadhi Masanga na Mugumu. Tunawezaje kumshangilia binti mmoja na kumfukuza mwenzake?

Wako wanaosema kwamba mpira humharibu binti, humfanya mgumu kama mwanamume. Mbona hatusikii hofu hiyo anapopandisha mlima na ndoo kichwani, au anapolima tangu alfajiri? Nguvu za binti hutuogopesha tu pale anapozitumia kwa furaha yake mwenyewe.

Wako pia wanaosema kwamba mpira hauzuii kisu. Ni kweli, peke yake hauzuii. Wajibu wa wazazi, wazee wa mila na vyombo vya sheria hauwezi kukabidhiwa kwa refa. Lakini tafakarini jambo hili: timu huhesabu watu wake. Wakati wa likizo hakuna mwalimu wa kuita majina, na binti anaweza kutoweka wiki tatu bila mtu kuuliza. Palipo na timu, asipofika mazoezini Jumanne, wenzake kumi watauliza jioni ileile, na mwalimu wa timu atabisha hodi nyumbani kwao. Kuulizwa huko ni ulinzi.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa vigango, kwa VIWAWA, kwa WAWATA na kwa viongozi wa vijiji. Ligi za Desemba ziwe mbili, ya wavulana na ya wasichana, zenye uwanja uleule, idadi ileile ya michezo na zawadi ileile. Na akina baba, msiishie kutoa ruhusa. Njoni mkae kando ya uwanja, maana binti anayeshangiliwa na baba yake hadharani, jirani ataogopa kumwita msagane.

Mwili wa kila mbatizwa ni hekalu la Roho Mtakatifu (1Kor 6:19). Mtume hakusema ni wa wavulana tu.

Tunawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki, na Mama Bikira Maria awaombee.